Bottesford, Great Brington, Lydiard au Warkton: uende kanisa gani kuona makaburi ya makabaila wa Kiingereza?

England kuna makanisa ya vijijini ambayo kwa nje hayakuambii kitu, ukuta wa mawe, mnara, nyasi, makaburi yaliyoinama, ila ukisukuma mlango na kusogea mpaka mbele karibu na madhabahu unakuta ukoo mzima wa kikabaila umelala pale, babu, mtoto, mjukuu, kitukuu, wamechongwa ukubwa wa mtu, wengine watoto wao wamepiga magoti pembeni, na nguo zingine bado zina rangi. Foleni hamna, tiketi hamna, na mara nyingi utajikuta peke yako humo ndani. Waliowahi kuzunguka makaburi ya nguzo pale Kunduchi, yale yaliyopachikwa vyombo vya Kichina, wataelewa fasta, familia yenye mali inataka hata aliyekufa aendelee kuheshimiwa.

Shida inakuja kwenye kuchagua. Makanisa ya aina hii yako mengi mno, wewe una Jumamosi moja tu, na nauli ya treni ya Uingereza kila mtu anaijua. Kwa hiyo nimechukua manne ambayo watu hujiuliza waanze na lipi, nayalinganisha kwa mizani ileile, halafu wewe utaamua.

Tunapima nini

Kwanza, macho yanaona nini. Kaburi la 1540 na kaburi la 1750 havifanani hata kidogo, la zamani mtu kalala chali viganja vimekutana anasali, la baadaye watu wamesimama, wanaomboleza, wamevaa shuka za Kirumi. Pili, hadithi ya ukoo wenyewe, maana usipoijua unaangalia mawe tu na baada ya dakika kumi umechoka. Tatu, unaruhusiwa kusogea karibu kiasi gani, hili watu wanalisahau halafu wanafika wanakuta uzio. Nne, usafiri kwa mtu asiye na gari. Mwisho, linamfaa nani.

Bei sijaiweka kwenye vigezo kwa sababu kuingia kwenye makanisa ya namna hii kwa kawaida ni bure. Kuna kisanduku cha sadaka mlangoni, na mimi nakuomba kabisa uweke kitu, majengo haya yana miaka mia kadhaa na wanaohangaika na paa kuvuja ni waumini wachache wa kijijini pale.

Kitu kimoja kidogo kuhusu vyeo ili usipotee huko mbele: duki ndiyo kabaila wa juu kabisa, eli yuko ngazi mbili chini yake, baroni ndiyo wa chini. Kijumla hivo inatosha.

Bottesford, Leicestershire: maeli wanane kwa mpigo

Kanisa la Mtakatifu Maria, Bottesford, lina mnara mrefu wenye ncha unaouona kutoka mbali kwenye lile bonde la Belvoir, lakini watu wanaenda kwa ajili ya ukoo wa Manners, maeli wa Rutland, ambao kasri lao la Belvoir liko kilimani si mbali na hapo. Maeli wote wanane wa mwanzo wana makaburi yao hapa, kuanzia wa kwanza aliyekufa 1543 mpaka wa nane aliyekufa 1679, na wamejazana mbele ya kanisa kiasi kwamba ukisimama katikati hata madhabahu huioni vizuri. Na kabla yao kuna sanamu za mababu wa upande wa Roos, zilizohamishiwa hapa baada ya mfalme Henry wa Nane kufunga nyumba za watawa miaka ya 1530.

Utamu wake ni kwamba unatembea hatua chache tu na unaona mtindo unabadilika. Eli wa kwanza kalala kwenye alabasta, jiwe laini jeupe la kwao hukohuko, kwa ule utaratibu wa zamani kabisa. Wa pili na mkewe wamelazwa chini ya meza ya mawe iliyonakshiwa, meza kabisa na miguu yake, sijui kama kuna mgeni anayepita pale bila kusimama. Wa tatu na wa nne walifariki wakifuatana, 1587 na 1588, makaburi yao yalichongwa London na Gerard Johnson, fundi aliyehamia kutoka Uholanzi, kisha yakasafirishwa kwa meli hadi Boston ya kule Lincolnshire na kumaliziwa kwa mikokoteni. Familia hiyohiyo ya mafundi ndiyo inayotajwa kwenye sanamu ya ukumbusho ya Shakespeare kule Stratford. Ukifika kwa wa saba na wa nane, wamesimama wamevaa Kirumi, ule usingizi wa sala umeshaachwa.

Ila kaburi ambalo watu wengi wanalifuata ni la eli wa sita, Francis, aliyekufa 1632. Kwenye maandishi yake imeandikwa waziwazi kwamba watoto wake wawili wa kiume walikufa wachanga kwa uovu na uchawi. Jiwe la kanisa, limeandikwa uchawi. Walioshutumiwa walikuwa Joan Flower na binti zake wawili, Margaret na Philippa, waliokuwa na kazi kwenye kasri. Joan alifia njiani akipelekwa Lincoln, mabinti wakanyongwa huko Machi 1619. Sisi ambao kwetu bado kuna bibi vizee wanauawa kwa kuwa na macho mekundu, hilo kaburi halisomeki kirahisi, na naona ndiyo sababu nzuri ya kwenda, ukalisome lote pole pole ukijua kuna wanawake watatu ambao upande wao haukuchongwa popote humo ndani.

Kusogea karibu hamna tabu, makaburi yako wazi, unazunguka. Usafiri ni afadhali kuliko mengine yote, kijiji kina stesheni yake kwenye njia ya Nottingham na Grantham, treni si nyingi lakini zipo, na kutoka stesheni unatembea kwa miguu. Upungufu wake? Ni mengi kwa wakati mmoja, asiyejiandaa anachanganya nani ni nani. Linamfaa anayetaka kuona karne nzima na zaidi ndani ya chumba kimoja, na anayependa historia yenye kisa.

Great Brington, Northamptonshire: kwa kina Spencer

Hapa jina linajiuza, ni ukoo wa Princess Diana. Niseme mapema ili mtu asifunge safari bure: Diana mwenyewe hayumo kanisani. Alizikwa Septemba 1997 kwenye kisiwa kidogo ndani ya ziwa la shamba la familia, Althorp, jirani na kijiji. Baba yake, eli wa nane wa Spencer, ndiye aliyezikwa kanisani 1992, pamoja na mababu zake.

Utakachokiona ni kikanisa cha pembeni cha ukoo, kimejaa makaburi kuanzia Sir John Spencer aliyekufa 1522. Hawa walitajirika kwa kondoo, kweli kabisa, kufuga kondoo na biashara yake, mpaka Robert, baroni wa kwanza, akawa anahesabika miongoni mwa watu wenye fedha taslimu nyingi kuliko wote nchini wakati mfalme James anaingia 1603. Kaburi lake na mkewe Margaret, lenye dari lake na nembo za ukoo zimejazwa rangi, ndilo linalovuta macho zaidi, mke kavaa joho kubwa limepambwa nembo tupu. Kwa ufundi hasa, mimi napenda zaidi la William, baroni wa pili, na Penelope mkewe, kazi ya Nicholas Stone, mchongaji mkubwa wa Kiingereza wa zama hizo. Halafu kuna Sir Edward Spencer, huyu anachomoza kutoka kwenye chungu cha majivu siku ya ufufuo, kiwiliwili tu nje, ni kitu ambacho hukitegemei.

Kuna na kaburi lingine sakafuni ambalo wengi wanalikanyaga bila kujua: Lawrence Washington, aliyekufa 1616, babu wa George Washington wa Marekani, vizazi vitano nyuma yake. Ngao yake ina nyota na mistari, na wapo wanaoamini bendera ya Marekani ilianzia hapo.

Sasa ukaribu, hapa ndipo panapouma. Kikanisa cha kina Spencer kimezungushiwa uzio wa chuma, unachungulia tu, na sanamu zilizo upande wa ndani huzioni sura zake vizuri. Beba darubini ndogo kama unayo. Usafiri pia si rahisi, treni inakufikisha Northampton au Long Buckby, iliyo karibu zaidi, kutoka hapo ni teksi. Linamfaa anayetaka kuelewa Diana alitoka kwa watu gani, na hasa anayepanga kuunganisha na Althorp kwenyewe, ambako wageni wanaingia kwa tiketi majira ya kiangazi.

Lydiard Tregoze, Wiltshire: rangi, dhahabu na vita

Hili limejificha nyuma ya jumba kubwa ndani ya bustani ya Lydiard, magharibi ya Swindon. Ni kanisa dogo, na kwa udogo huo ule wingi wa vitu unakupiga usoni, makaburi yenye rangi, vioo vya rangi vya Abraham van Linge, michoro ya ukutani ya zama za kati ikiwemo ya kuuawa kwa askofu mkuu Thomas Becket. Ukoo ni St John.

Vitu vitatu ndivyo vya kukaa navyo. Cha kwanza ni ubao mkubwa wa milango uliowekwa 1615 na Sir John St John kuwakumbuka wazazi wake. Kwa nje umechorwa nasaba na nembo, ukifunguliwa ndani unawaona wazazi wamepiga magoti, yeye na mkewe upande mmoja, dada zake sita upande mwingine, picha kubwa za mafuta. Milango haikai wazi siku zote kwa hiyo ulizia kabla. Cha pili ni kaburi la Sir John mwenyewe, ambalo alilijenga 1634 akiwa bado hai, kalala katikati ya wake zake wawili, na watoto kumi na tatu wameonyeshwa wote, na mke wa kwanza kashika mtoto mchanga kifuani kwa sababu alifariki kwa uzazi wa huyo wa mwisho. Mimi hapo nakaa muda mrefu kuliko pale penye dhahabu. Mama mwenye watoto kumi na tatu, na jiwe zima la fahari ya mume, lakini mchongaji akamwachia mtoto wake mkononi.

Cha tatu, chenye dhahabu, ni Edward, mtoto wa huyohuyo Sir John, sanamu yake imepakwa dhahabu yote, anatoka kwenye hema la kivita, vijana wawili wanamfunulia pazia. Alikufa 1645 kwa majeraha aliyoyapata vita vya Newbury akimpigania mfalme dhidi ya Bunge. Familia hiyo ilipoteza vijana watatu upande wa mfalme, huku ndugu yao Walter akiwa upande wa Bunge, na ndiye aliyekuja kurithi. Nyumba moja, pande mbili za vita, sidhani kama hilo linahitaji kuelezwa sana kwa msomaji kutoka Maziwa Makuu.

Hapa unasogea karibu sana, sema nafasi ni finyu, kundi la watu ishirini mtabanana. Usafiri ni treni ya London Paddington hadi Swindon, mwendo wa kama saa moja, kisha basi au teksi kidogo. Jumba na bustani vilinunuliwa na mji wa Swindon 1943 kwa hiyo kuingia bustanini ni bure na watoto wana pa kukimbia. Kasoro ni saa za kanisa kufunguliwa, si kila siku, na ukifika limefungwa hamna kitu utaona kupitia dirishani. Linamfaa mwenye familia na mwenye kupenda rangi, na hata yule anayesema makaburi yanamchosha.

Warkton, Northamptonshire: marumaru, na mtu ambaye hakuchongwa

Kijiji kidogo sana pembeni ya mji wa Kettering, kanisa la Mtakatifu Edmund. Hapa hautakuta wingi, kuna makaburi makubwa manne tu ya ukoo wa Montagu, kila moja limejengewa shubaka lake kubwa ukutani, na sehemu ya mbele ya kanisa ilijengwa upya makusudi ili yakae. Mawili ni ya Roubiliac, Mfaransa kutoka Lyon ambaye wengi wanamhesabu kuwa fundi bora kabisa wa sanamu England ya karne ya 18: la John, duki wa pili wa Montagu, aliyekufa 1749, na la mkewe Dachesi Mary, aliyekufa 1751. La duki lina mwanamke anayewakilisha Hisani anatundika picha ya marehemu, na mjane chini anainua uso kumtazama. La mke lina wale wanawake watatu wa hadithi za Kigiriki wanaosokota na kukata uzi wa maisha ya mtu. La tatu ni la binti yao, Mary pia, aliyekufa 1775, kazi ya Van Gelder, na la nne ni la karne ya 19.

Kama ni sanamu kama sanamu, hii kazi ya Roubiliac hapo ndiyo bora kuliko chochote kwenye makanisa manne haya, kitambaa cha marumaru unahisi kama kikipulizwa na upepo kitatikisika. Lakini Mwafrika anayeingia Warkton ana sababu nyingine. Duki John ndiye aliyemwona mtoto mtumwa mweusi kule Greenwich, Ignatius Sancho, akavutiwa na akili yake akawa anampa vitabu. Duki alipokufa, Sancho alitoroka waliokuwa wanamshikilia akaenda kwa mjane, Dachesi Mary, ambaye akamwajiri kuwa mtumishi mkuu wa nyumba yake, na kwenye wosia akamwachia pauni 70 na posho ya pauni 30 kila mwaka. Baadaye Sancho akaifanyia kazi nyumba ya yule binti na mumewe pia. Akaishia kuwa na duka lake Westminster, akapiga kura uchaguzi wa Bunge 1774, mmoja wa watu weusi wa kwanza wanaojulikana kufanya hivyo Uingereza, na barua zake zikachapwa kitabu 1782, miaka miwili baada ya kufa.

Huyohuyo duki alikuwa mfadhili wa Ayuba Suleiman Diallo, msomi wa Kiislamu wa Bundu, Afrika Magharibi, aliyeuzwa utumwani Maryland na akafanikiwa kurudi kwao 1734. Na huyohuyo tena ndiye aliyepewa na mfalme visiwa vya St Lucia na St Vincent mwaka 1722 akajaribu kuanzisha makoloni huko, ikashindikana. Yote ni ya mtu mmoja. Kwenye marumaru utaona Hisani, utaona mjane, vitoto vyenye mabawa, Sancho hutamwona, kwa hiyo ukienda nenda naye kichwani.

Usafiri: Kettering ni kama saa moja kutoka London St Pancras, na kijiji kiko kilomita chache kutoka mjini, unaweza kutembea au teksi. Unakaribia vizuri tu, ila makaburi ni marefu kwenda juu, simama mbali kidogo kwanza. Upungufu ni kwamba ukishayaona manne umemaliza, na kijijini hamna cha ziada, isipokuwa uunganishe na jumba la Boughton lililo jirani, ambalo hufunguliwa vipindi maalum tu.

Kabla hujatoka nyumbani, kokote uendako

Gugo jina la kanisa uone saa za kufunguliwa na kama kuna harusi au mazishi siku hiyo, haya ni makanisa yanayotumika, na Jumapili asubuhi ni ibada, si utalii. Ukikuta mlango umefungwa angalia ubao wa matangazo, mara nyingine kuna maelekezo ya nani ana ufunguo. Wanaume kwa desturi huvua kofia, viatu huvui. Picha kwa kawaida hakuna anayekukataza, zima flashi na usizipige watu wanaposali. Usiguse alabasta hata kama inakuvuta, mafuta ya mikono yanaiharibu, na kuna majina ya watu waliokwangua kwa visu karne zilizopita, inatosha. Beba koti hata Julai, ndani ya mawe baridi haitoki.

Na angalia vitu vidogo. Mtoto aliyeshika fuvu kwenye kaburi la mzazi ni yule aliyetangulia kufa. Ukishajua hilo tu, safu ya watoto waliopiga magoti inabadilika kabisa machoni pako.

Kwa hali yako

Huna gari na hutaki teksi, nenda Bottesford, na kwa walioko Nottingham ni karibu kweli. Walioko Leicester, wakiwemo wale wengi ambao wazazi wao walitokea Uganda na Kenya, liko mkoa wao huohuo ila kwa treni lazima mbadilishe.

Una watoto wadogo, Lydiard, wakichoka wanatoka nje bustanini na wewe unabaki unamalizia. Ukiwa na mgeni kutoka nyumbani ambaye ameona makasri ya London na anataka kitu chenye rangi, Lydiard tena.

Mama mkubwa anakuja kutembea na maisha yake yote anampenda Diana: Great Brington kwa siku ambayo Althorp iko wazi, usimpeleke kanisani peke yake maana kule kuchungulia uzio kutamkatisha tamaa.

Unasoma sanaa, au wewe mwenyewe ni mchongaji, au unafundisha historia ya watu weusi Uingereza, Warkton, na usome barua mbili tatu za Sancho kwenye treni. Warkton na Great Brington yote yako Northamptonshire, mwenye gari anaweza kuyaunganisha kwa siku moja bila haraka, asubuhi moja, mchana jingine. Bottesford usilichanganye na kitu kingine, litakula siku nzima.

Na kama unakuja majira ya baridi, Novemba mpaka Februari, mwanga unaisha mapema sana na taa za makanisa haya mara nyingi ni hafifu, fika kabla ya saa nane mchana, beba tochi, na piga simu ofisi ya parokia siku moja kabla.